Mguu wa Mama na Dawa ya Udongoni

Mama alijikata kwa panga juu ya kifundo cha mguu akipunguza migomba kihambani, shamba letu la nyumbani Marangu. Akafanya tunavyofanya siku zote: akafungua kapsuli ya rangi mbili, antibayotiki ya dukani, akakimwagia kidonda unga wake, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Kwetu rangi mbili inatibu kila kitu, na ukibisha unaambiwa umesoma mno.

Mguu ulipovimba hadi gotini ndipo alipokubali kushuka Moshi, hospitali. Wakamchoma sindano za kawaida, homa ikazidi. Akaanza kuniita jina la dada yake aliyefariki. Hapo niliogopa hasa. Mgonjwa akianza kuita wafu watu hunyamaza, na kila mmoja anajua mwenzake anawaza nini.

Daktari alinivuta pembeni.

"Dada, majibu ya maabara yametoka. Wadudu hawa wameshazoea dawa nyingi. Imebaki vankomaisini."

"Ni kali?"

"Inatengenezwa na bakteria wa udongoni, ndiyo silaha yao dhidi ya wenzao. Inawazuia hawa kujenga kuta zao, wanakufa. Ila inaweza kuumiza figo, hata masikio. Tutakuwa tunampima damu."

"Ikishindikana?"

Akatazama viatu vyake. "Tutaongea habari ya kuukata mguu. Tukiwahi."

Mama ameinamia udongo maisha yake yote, na huenda wadudu waliokuwa wakimla walitoka hukohuko. Kuambiwa kwamba na mkombozi wake katoka udongoni hakukunifariji hata kidogo.

Muuguzi aliiweka dripu polepole, akanikataza kuigusa, kwa sababu ikienda mbio mgonjwa huwashwa na presha hushuka. Nikawa mlinzi wa matone. Mama alipoanza kujikuna shingo nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Muuguzi akapunguza kasi, akaniambia nikae chini kabla sijawapandisha wengine presha.

Siku zikaenda hivyo, wao wakichukua damu, mimi nikiomba. Kila daktari alipokuja na majibu ya figo, nilimsoma uso kabla hajafungua mdomo.

Asubuhi moja nilikuwa namfuta uso akafumbua macho, akanitazama. Nilijikaza nikisubiri kuitwa tena jina la marehemu.

"Mwanangu," akasema, "umekaa hapa unanipapasa uso. Ng'ombe anakatiwa majani na nani?"

"Jirani, mama," nikajibu, nikaangua kilio, nikalia mpaka akauliza kama ng'ombe amekufa.