Fomu Kwenye Meza ya Shangazi

Sisi watu wa Pwani tunaoishi London hatuna mazoea ya kujaza fomu peke yetu. Tutapanda treni peke yetu, tutazaa peke yetu, hata kuugua tutaugua peke yetu, lakini fomu ya serikali lazima tukajaziwe na mtu. Kwa upande wetu mtu huyo alikuwa shangazi ya mume wangu, dada wa baba yake, aliyefanya kazi ya mapokezi hospitalini miaka mingi mpaka akastaafu. Kila Jumamosi asubuhi alifungua kompyuta yake juu ya meza ya kulia chakula, katika fleti yake ya Stratford, na watu wakaja na bahasha zao.

Mimi nilitoka Hounslow, upande wa pili wa jiji, nikisukuma kigari cha binti yangu wa miaka miwili na nusu. Safari ya saa moja na nusu, na lifti ya stesheni mbovu, kwa hiyo kigari nilikibeba ngazi zote na mtoto akiwa ndani anakula biskuti. Ningeweza kwenda maktaba ya karibu, ambako kuna watu wa kusaidia. Lakini ukienda kwa wageni na shangazi yupo, utaulizwa.

Jumamosi ile, mwanzo wa Agosti, nilikwenda kwa jambo moja. Katika duka la manukato la uwanja wa ndege, nilikofanya kazi miaka mitatu kwa zamu za kuokoteza, hatimaye walinipa usimamizi, zamu ya mchana, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Na wakati huohuo jirani yangu, bibi wa Kipunjabi aliyekuwa akinikalia na mtoto, alikuwa anakwenda kwao kwa harusi, na harusi zao ukienda hurudi mpaka msimu ugeuke. Chekechea ya mtaani ilikuwa imebakiza nafasi moja tu. Meneja wake aliniambia atanishikia mpaka Ijumaa ya mwisho ya Agosti, jioni wakifunga, mradi nimletee namba ya serikali. Ukiwa na namba hiyo, serikali inalipia saa thelathini za malezi kwa wiki. Usipokuwa nayo, ada ya chekechea inameza mshahara wote, yaani ningefanya kazi ili mtoto akae chekechea, na mtoto angekaa chekechea ili nifanye kazi.

Kwa Shangazi ilikuwa viatu mlangoni, chai kwanza, halafu maswali. Kwenye kochi alikaa mzee mmoja na mfuko wa barua, na pembeni yake msichana mjamzito, wote wanasubiri zamu zao. Shangazi aliuliza kwa sauti ile ya mapokezi, ambayo mgonjwa wa mwisho kwenye foleni anaisikia.

"Mtoto amezaliwa hapa?"

"Hapa, Shangazi."

"Kazi saa ngapi kwa wiki?"

Nikamwambia.

"Waishi na mwenzio?"

Hakuyatoa macho kwenye kompyuta. Mimi nikatazama kikombe changu, nikasema, "Ndiyo."

Mume wangu alikuwa ameondoka siku ya pili baada ya Idi, na begi moja, akisema amepata kazi Birmingham. Mwanzo alipiga simu kila siku, halafu kila Ijumaa, halafu alipojisikia. Talaka hakunipa. Kwa hesabu ya kwetu, mwanamke asiyepewa talaka ana mume, hata kama huyo mume haonekani wala hasikiki, na anayejitangaza vingine anajiitia balaa. Halafu nimwambie nani? Shangazi yake, mbele ya mzee na mfuko wake wa barua? Ningeanzia wapi? Na nisijifanye malaika, kilichonifunga mdomo zaidi ya yote kilikuwa kiburi. Miezi yote ile kila aliponiuliza habari za mume wangu nilimjibu, "Hajambo, anakusalimu," na yeye hajamsalimu mtu.

Shangazi akaandika ndiyo, akaandika jina la mume wangu na tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo aliijua kuliko mimi. Mwisho akaweka barua pepe yake mwenyewe, kama alivyotuwekea sote, kwa sababu alisema sisi tunasahau nywila kabla hata hatujafika stesheni. Majibu yote ya serikali yalipitia kwake.

Nikasubiri. Kila simu ilipolia kazini niliikimbilia, na wateja wakaniona nimekosa adabu. Jirani akaanza kupanga masanduku yake sebuleni, binti yangu akiyakalia kama farasi. Majibu yalikuja Jumatatu ya wiki ya mwisho.

"Mkaza mwanangu," Shangazi alisema kwenye simu, "wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Wasema maelezo ya mwenzio hayalingani na waliyo nayo wao. Yuafanya kazi wapi siku hizi?"

"Birmingham, Shangazi. Kwa muda tu."

"Kwa muda," akasema. Kisha akaniaga.

Nikampigia mume wangu. Aliipokea mara ya nne. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba nataka kuijulisha serikali kuwa haishi kwangu, la sivyo mtoto anakosa nafasi na mimi nakosa kazi.

"Usiniandike hivyo," akasema. "Mimi mume wako. Sijakuacha."

"Basi njoo Jumatatu ukae na mwanao."

"Nina mambo huku."

"Mambo gani?"

"Subira yavuta heri, mama."

Nikamwambia subira yangu imevuta miezi mitano na hiyo heri haijasogea hata hatua moja, nikakata simu. Nikarudi kaunta nikafunga zawadi ya mteja bila kuona ninachofunga. Mtu ameondoka kwa miguu yake, lakini kwenye karatasi anataka abaki, ahesabiwe, aitwe baba mwenye nyumba!

Jumanne sikufanya kitu. Jumatano na Alhamisi vilevile. Nikawa napika, naogesha mtoto, napiga pasi sare, na muda wote nalijua la kufanya na silifanyi. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo, kwamba nilikaribia kupoteza kazi kwa kuogopa sentensi moja.

Ijumaa, saa ya chakula, nilijifungia stoo kati ya makasha ya manukato nikaipigia simu ofisi ya serikali. Chakula chetu ni nusu saa. Muziki wa kusubiri ulikula dakika ishirini na mbili. Hatimaye akaja msichana mwenye sauti changa, mpole, akaniuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, akaifungua fomu. Nikamwambia kuna kosa, mwenzi wangu haishi nami.

Tangu lini? Nikamwambia, tangu mwanzo wa Aprili. Sikuwahi kulitamka hilo kwa mtu yeyote, wala kwa mama yangu Mombasa.

Halafu akauliza kama kutengana kwetu ni kwa kudumu.

Huko nje ya stoo meneja wangu alikuwa ameanza kuliita jina langu. Kwetu jambo hilo analitamka mwanamume, au kadhi, au wazee wa pande mbili wamekaa. Mwanamke hajiandikii. Na hapa ananiuliza msichana nisiyemjua, katikati ya makasha, kama anayeniuliza nina mzio wa karanga. Nilitamani aniulize kingine. Nilitamani aseme, basi mama, tutaandika tutakavyoona sisi. Yeye alisubiri tu, nikimsikia akipumua. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha mpaka siku ya mwisho.

"Ndiyo," nikasema. "Ni kwa kudumu."

Machozi yalitoka bila hata mimi kulia. Msichana akashukuru, akasema majibu yatatumwa kwenye barua pepe iliyoandikwa, pengine baada ya dakika chache, pengine baada ya siku saba. Nikamwambia sina siku saba. Akasema ananielewa, na akaniaga.

Nilimaliza zamu sijui vipi. Saa kumi na moja jioni nikapanda basi la kwenda chekechea bila namba, nikiwa nimepanga kumpigia meneja magoti kama itabidi. Walifunga saa kumi na mbili. Barabara ya Hounslow ilikuwa imeziba tangu mzunguko wa kwanza. Tulipokuwa tumesimama pale, Shangazi akapiga.

"Namba imekuja. Una kalamu?"

Nikamwambia niko kwenye basi lililokwama, sina kalamu. Nilitoa penseli ya wanja kwenye mkoba, nikaandika mkononi, kuanzia kifundo kwenda juu, tarakimu kumi na moja, akizisoma moja moja.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Sawasawa," akasema. "Na hapa chini wameandika mwenzi ameondolewa."

"Shangazi, nilitaka kukwambia—"

"Ngoja. Najua."

"Wajua nini?"

"Alikuja hapa kwangu mwezi wa tano. Hakuja peke yake. Nikawajazia fomu, yeye na mkewe wa huko, anwani ya Birmingham."

Nilimwomba arudie. Alirudia vilevile, kwa utulivu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Na bado ukanikalisha mezani ukaniuliza mbele ya watu kama naishi naye?"

"Alinambia awagawia zamu. Siku tatu kule, siku nne kwako. Nikadhani wewe ndiwe hujui. Nikasema, si mimi wa kumvunjia mkaza mwanangu nyumba yake. Uliposema ndiyo, nikaandika ndiyo."

Yaani mwanamume mmoja aliandikwa katika nyumba mbili, kwa mkono uleule, kwenye meza ileile, na mwandishi akaona ni sawa, maana kwetu wake wawili si hoja. Serikali ndiyo iliyoona ni hoja. Na mimi, niliyekuwa nikimsitiri mume wangu kwa shangazi yake, nilikuwa nasitiriwa na huyohuyo shangazi.

Nilimpigia kelele. Basi zima lilinigeukia na sikujali. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii shangazi ya mumewe, kwamba amenifanya mjinga, kwamba nimekula biriani yake Jumamosi ngapi huku ananitazama, kwamba karibu animwagie unga wangu na wa mtoto. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Shuka hapo utembee. Utachelewa."

Nilishuka, nikakimbia. Nilifika saa kumi na mbili kasoro dakika saba, mkono nimeuinua ili jasho lisifute wanja. Meneja aliiingiza ile namba kwenye kompyuta yake, akaitazama, akasogeza miwani, akaitazama tena.

"Imekubali," akasema. "Jumatatu saa mbili asubuhi."

Nilikaa kwenye kiti cha watoto, kile cha chini kabisa, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Akanipa fomu ya kumsajili mtoto, kurasa mbili, na kalamu, huku anavaa koti lake. Jina la mtoto, nikaandika. Chakula asichokula, nikaandika nguruwe. Jina la mama, simu ya mama. Kisha mahali pa mtu wa pili, yule wa kupigiwa mama asipopatikana, ambaye wanaweza kumkabidhi mtoto mkononi. Bila mtu wa pili, meneja alisema, hawampokei.

Jirani angeruka Jumapili. Mama yangu yuko Mombasa. Baba yake mtoto nimetoka kumtoa mchana uleule. Nilipitisha kichwani kila mtu ninayemfahamu katika jiji hili kubwa, na meneja amesimama na funguo, na hasira bado inanichemka kifuani.

Simu moja tu ndiyo niliyokuwa nayo kichwani. Nikaandika jina la Shangazi, nikaandika namba yake yote bila kutazama popote, na pale wanapouliza ni nani wa mtoto, nikaandika bibi yake.