Utitiri wa Shakwe

Siku hizi nikimwona mtu anajikuna mbele za watu, natazama kando. Wajukuu hudhani ni adabu. Si adabu hata kidogo, ni aibu iliyonishika mwaka ule wa vita vya Maji Maji na mpaka leo haijaniachia.

Wakati huo nilikuwa nimeoa Mbwera, nakaa ukweni, na nilipata kibarua kwa Mdachi mmoja aliyekuja kupiga picha ndege wa baharini. Huko bara, upande wa Nyamwage, watu walikuwa wanapigana na Wadachi wenzake na kufa; yeye anatafuta shakwe. Sijui alikuwa jasiri au hamnazo. Kila bahari ilipokupwa tulikwenda kwa mtumbwi hadi fungu la mchanga kwenye mdomo wa mto. Akisimamisha sanduku lake la kupigia picha juu ya miguu mitatu na kujifunika kitambaa cheusi, kazi yangu ilikuwa kumshikia ndege.

Hakutaka picha ya ndege akiwa mbali. Alitaka jicho, unyoya, mdomo, karibu kabisa, mpaka sanduku linataka kumgusa shakwe. Ndege akitikisika, kioo cha picha kimeharibika, na mshikaji akitikisika ni vivyo hivyo. Basi nilibana pumzi, mkono mmoja umeshika miguu na mwingine umefungua bawa, huku utitiri wakitoka manyoyani na kunipanda mikononi, kwapani, shingoni. Wadogo mno, kama unga unaotembea. Ruhusa ya kujikuna hakuna mpaka kifuniko cha sanduku kirudi. Mdachi alipogundua kwamba ninao, alifurahi! Akamtoa mmoja kwa ncha ya sindano, akamweka chini ya vioo vyake vya kukuzia, akampiga picha naye.

Mimi sikufurahi. Kwetu utitiri ni wa kuku na wa mtu mchafu, na mimi nilikuwa nimeoa katika nyumba ambayo mama mkwe ananusa mtungi kabla ya kuchota. Mkwe hatazamwi usoni, seuze kuonyeshwa wadudu. Nikaanza kulala barazani kwa kisingizio cha joto. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua. Alinichemshia majani ya tumbaku, akanitilia maji yake kwenye kibuyu, nami nikawa nakwenda kuyaoga dunguni, kile kibanda cha juu tunachokaa shambani kuulinda mpunga.

Jirani yangu wa shamba naye alikuwa haachani na kibuyu. Huyo alikuwa mtu wa tahara kupita kiasi. Maji ya mtoni aliyashuku kwa sababu ya matope ya mikoko, ingawa mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia mara nyingi kwamba yanafaa kwa udhu. Kila aendako alibeba maji yake ya kisima. Nilikuwa namtania, "Ndugu yangu, hata peponi utakwenda na kibuyu?" Naye hucheka, hujibu, "Nitakutilia na wewe kidogo, ukoge."

Alasiri moja tulikuwa tunarudi pamoja, tukawakuta askari wa serikali wameziba njia ya kuingia kijijini. Walikuwa wanaitafuta dawa ya vita, ile iliyosemwa kwamba inageuza risasi kuwa maji. Na sisi hao, wanaume wawili, kila mmoja na kibuyu chake chenye maji yaliyobaki. Hapakuwa na pa kukimbilia.

Ombasha, mkubwa wao, alichukua changu kwanza, akanusa, akakunja uso. "Maji hii ya nini?"

Kila mtu alijua yaliyowapata waliokamatwa wakiwa na maji ya dawa. Nilijua jibu litakaloniokoa ni moja tu, na nilijua pia kwamba mama mkwe amesimama kando ya njia na wanawake wenzake.

"Ya kuogea, bwana ombasha," nikasema chinichini. "Nina utitiri."

"Sema kwa nguvu!"

"Nina utitiri!"

Akaniamuru nivue. Nikavua kanzu, nikavua na kikoi. Akanigeuza kama mbuzi wa mnadani, akainua mikono yangu, akaona vipele, kisha akawaona wadudu wenyewe wakitembea kwapani. Akaruka nyuma akijipangusa. Askari wakaangua kicheko, na ndani ya kicheko kile nikasikia sauti za watu wa kwetu. Mama mkwe alijifunika kanga usoni, akageuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Toka hapa, kuku we!"

Nikaokota nguo zangu. Ombasha akamgeukia jirani. "Na wewe?"

"Ya udhu, bwana."

"Mto wote huu, wewe unabeba maji ya udhu?"

Akamvua naye. Hakuna kitu. Ngozi safi, inang'aa mafuta ya nazi, hata kucha hazina uchafu. Nikasema, "Ni kweli, bwana ombasha, ndivyo alivyo huyu, waulize wote." Watu wakaitikia, hata mama mkwe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilipigwa kitako cha bunduki kifuani, nao wakanyamaza. Jirani akafungwa kamba shingoni, akapelekwa bomani. Hakurudi.

Kesho yake Mdachi alinionyesha ile picha. Utitiri amekuwa mkubwa kama kaa, miguu ina kucha, tumbo limejaa. Nilimweleza habari za jirani yangu. Akasema mambo ya askari hayamhusu, kisha akaniuliza kama bado ninao wengine.

Nikamrudishia picha yake. Nilikuwa nawaza pale njiani. Tulifika bega kwa bega, nguo zinagusana, na utitiri mmoja tu angetosha kumwokoa, mmoja tu avuke kutoka mkononi mwangu. Lakini nilipopaza sauti kwamba nina utitiri, jirani yangu alinitazama kwa macho ya kuniomba radhi, akakusanya kanzu yake, akasogea mbali nami.