Wageni Waliokuja Kuona Shimo

Utajuaje kama kitu kilichofunikwa kinaiva au kinaoza? Nilimuuliza baba swali hilo nikiwa mdogo, tumesimama juu ya shimo la saileji, lishe ya ng'ombe ya kuhifadhiwa, nyuma ya nyumba yetu, si mbali na Chepilat, nyayo zangu zikinata kwa molasi tuliyoinyunyizia. Alicheka tu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Tulikuwa tumekata mahindi ambayo punje zake zilikuwa bado laini, mahindi ya kuchoma kabisa, tukayakatakata kwa panga, tukayakanyaga hadi yakashindiliwa, kisha tukayafunika kwa nailoni nyeusi na udongo. Kwangu yale yalikuwa mazishi. Na yote yalikuwa kwa ajili ya Njoki, ng'ombe wetu wa pekee, tuliyempa jina la mama Mkikuyu aliyetuuzia mjini Kericho. Njoki alikuwa na mimba, na angezaa katikati ya kiangazi. Kiangazi kilichopita kilikuwa kimemmaliza ng'ombe tuliyekuwa naye kabla yake, ndama akiwa tumboni.

Afisa wa mifugo alituachia onyo moja: shimo lisifunguliwe mpaka siku ya kulisha, kwa sababu hewa ikiingia huleta ukungu. Lakini kwetu mgeni haondoki bila kuonyeshwa ulichofanya, na kijijini hakuna aliyewahi kuona shimo la namna hiyo. Watu walikuja wakitoka kanisani, wakaja wakitoka kupeleka majani chai, na kila mmoja baba alimfunulia pembe moja ya nailoni ili anuse.

“Baba Cherono, hii ni mursik ya ng'ombe?” aliuliza Baba Otieno, jirani yetu kutoka upande wa ziwa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chai, akitania maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. “Sasa Njoki atataka na ugali.”

Wanaume wakacheka. Mama hakucheka.

“Funika hiyo kitu. Si uliambiwa isifunguliwe?”

“Mama Cherono, mtu ametoka Sotik kwa miguu. Nimwambie nini?”

“Mwambie kuna chai.”

Kiangazi kilipofika, majani ya nepia yalikauka hadi yakawa yanakwaruza kama karatasi, na shimo likafunguliwa. Pembe ile ya wageni ilikuwa na ukungu mweupe wenye mabaka ya samawati, ina joto, inanuka kama gunia lililolowa. Ndani zaidi, mahindi yalikuwa ya kijani cha manjano, yenye harufu kali na tamu kidogo. Lakini ubaya uliishia wapi? Baba alichimba akaitoa sehemu iliyooza, akaitupa mbali.

“Na kama sumu imeshapita ndani?” mama aliuliza.

Baba, ambaye kwa wageni hakuwahi kukosa la kusema, alirudisha nailoni na udongo juu ya shimo. Hapakuwa na chakula kingine cha maana. Kila siku alimpelekea Njoki kikapu kimoja, nami nilisimama kwenye ua nikimkagua: tumbo limevimba? Anacheua? Mbona amelala mapema? Shuleni nilisikia hesabu kwa sikio moja tu. Hata alipozaa, ndama jike, sikuamini mpaka nilipomwona ndama akisimama na kunyonya.

Siku hizi saileji huuzwa imefungwa kwa plastiki, na wanunuzi hawana haja ya kuchungulia shimo la mtu. Nimesoma kemia chuo kikuu. Naweza kueleza asidi inavyohifadhi majani, na mtu akiniambia chakula fulani ni salama, namuuliza amekipima vipi. Mwaka jana, tukiosha vyombo, nilimuuliza mama jinsi baba alivyojua kwamba ile iliyobaki haikuwa na sumu. Akaniambia baba hakujua. Kila alfajiri alitafuna konzi moja ya saileji, akaimeza, akaenda kuchuma chai. Aliporudi akiwa mzima, ndipo Njoki alipopewa kikapu chake. Ningeweza kumweleza mama kwamba tumbo la mtu si la ng'ombe, na kwamba jaribio hilo halikuthibitisha lolote. Lakini alikuwa bado anazungumza. Kuna asubuhi tumbo lilimkata baba vibaya, akajikunja kati ya michai hadi jua likapanda. Siku hiyo alimwaga kikapu kizima, akamkatia Njoki migomba ya mama, akatuambia ilikuwa imezeeka.