Suke la Bendera

Saa mbili asubuhi Muhindo yuko juu ya ngazi mbele ya ofisi ya mji mmoja mdogo wa Kabambare, brashi mkononi, shingo imekakamaa. Anachora nembo ya mji ukutani. Bendera yenye nembo hiyo hiyo inakauka kwenye kamba; Jumatatu itapandishwa.

Kijani ni mashamba, buluu ni mto Luama, njano ni dhahabu. Katikati pana sururu na suke la mpunga, vyote wima kama askari kwenye gwaride. Ndivyo alivyotaka katibu wa mji, Bulaimu. "Muji inasimama, haiinamake," alimwambia.

Muhindo, mwenye miaka arobaini na mmoja, alizaliwa Butembo, mbali kaskazini. Alichimba dhahabu Lusangi miaka sita, mpaka shimo lilipowafukia wenzake wawili. Tangu hapo anachora vibao vya maduka. Watu bado wanamwita "mwenye kuja", mgeni asiye wa hapa, na jina hilo linamuuma.

"Hii bendera wakiikatala, narudia mu shimo," anasema. "Nani atanipa kazi ingine?"

Mama Marguerite, mkulima kutoka Wamaza, anapita na beseni kichwani. Anasimama, anatazama, anacheka hadi beseni linataka kumponyoka.

"Fundi, umetuchoria njaa! Mupunga ya kusimama vile iko mapepe, ndani hamuna kitu. Yenye kuiva inainamaka."

Wanawake wenzake wanasogea. Hakuna aliye tayari kuisalimu bendera ya njaa. Muhindo anashuka ngazi, ameona haya. Sururu aliishika kwa mikono yake. Mpunga aliujua kwenye sahani tu. Angeuliza mapema, kuuliza si ujinga.

Rangi ya njano ya kuchorea suke imebaki robo kopo. Nyingine iko Kasongo, siku mbili za pikipiki na matope. Naye Bulaimu, anayetoka ofisini, hataki kusikia: mchoro umeshapigwa muhuri.

"Mukubwa," Marguerite anamwambia kwa upole, "uliza mama yako."

Bulaimu, aliyelelewa kwa mpunga wa mama yake, anakohoa. "Inamisha, fundi."

Muhindo anafunika suke kwa kijani, analichora upya, ukutani na kwenye bendera.

Jumatatu bendera inapanda. Njia nzima inasimama, kama ilivyo ada. Marguerite anatua beseni chini. Suke limeinama, limepauka kidogo nchani ambapo rangi iliisha.

Msimu ujao Marguerite atampa Muhindo kipande cha shamba. Jembe Muhindo ameshanunua.

"Nalima mupunga yangu," anasema. "Siku yenye itainama, nani ataniita tena mwenye kuja?"