Walivyomwangalizia Nasoro Jua

Siku moja kabla ya Ramadhani, lori la Nasoro lilivunjika bwati ya vitesi, yaani sanduku la gia, kwenye mpando wa kuingilia Musonoi, mtaa wa wachimbaji pembezoni mwa Kolwezi. Lilikoroma, likatoa moshi, likasimama ubavuni mwa barabara na shehena yake yote ya simenti. Mwenye simenti alileta lori jingine, akahamisha mzigo wake, akaenda zake Kolwezi mjini. Fundi alilala chini ya gari kwa muda, akatoka akijifuta mikono. Akasema bwati ya namna ile haipatikani hapa. Itabidi itoke Lubumbashi, na isipokuwepo Lubumbashi, itoke Zambia.

"Utangoja, tata," akasema.

Nasoro hakulalamika. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Kasongo huko Maniema, mwana wa mchukuzi, naye mwenyewe alikuwa amezeekea kwenye usukani. Ramadhani zake nyingi zilimkuta njiani. Mkewe Farida alimfungia tende katika kitambaa, naye jua likizama alisimamisha lori popote pale, akala tende zake ndani ya kabini, akanywa maji kutoka bidoni, dumu lake, akaswali kando ya barabara. Alifuturu peke yake miaka mingi hivi kwamba hakuona tena kuwa ni jambo la kusikitikia.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lori, palikuwa na malewa ya Mama Louise, mgahawa wa kando ya barabara. Yalikuwa turubai la buluu juu ya miti minne, mabenchi yaliyokwanguka rangi, na mbabula mbili, majiko ya makaa yasiyozimika tangu asubuhi. Hapo walikula wachimbaji waliotoka mashimoni, nguo zimekolea vumbi jekundu, na vijana wa pikipiki, na yeyote aliyepita na njaa. Bukari, ugali wao, ilikuwa kubwa, sombe ya majani ya muhogo ilikuwa na mafuta, na Mama Louise alimjua kila mtu kwa jina.

Siku ya kwanza ya mfungo, mchana, kabini ilichemka kama chungu. Nasoro akavuka barabara kutafuta kivuli, akakaa mwisho wa benchi. Hakuagiza kitu. Mama Louise, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu wa mbali, alimtazama mara moja, akapakua bukari na maharage, akamwekea mbele.

"Kula, tata. Mutu hawezi kuikala mu malewa yangu na tumbo wazi."

"Aksanti mama. Mi nafunga. Ni Ramadhani."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lishuke."

"Lakini mayi unakunywa?"

"Ata mayi."

Benchi zima likageuka. Kijana mmoja wa Kasai, Merdi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliacha tonge hewani. "Na mate je, tata? Mate unameza?" Watu wakaangua kicheko, na Nasoro akacheka nao.

Mama Louise hakucheka. Alikuwa amechukua ile sahani na kusimama nayo, anawaza. "Na ngurube haukule, si vile?"

"Hapana, mama."

"Hii nyungu, jana nilipikia ngurube." Akarudi kwenye mbabula zake.

Kesho yake Nasoro alikuta sufuria mpya inaning'inia peke yake kwenye mti wa turubai, mkono wake umefungwa kitambaa cheupe. Mama Louise alikuwa akiwatangazia wateja, mwiko mkononi: "Hii ni ya Tata Nasoro. Atakayeingiza nyama yake humu, mi na yeye!" Jioni ile Nasoro alifuturu akiwa amekaa kwenye benchi, na bukari ya moto mbele yake, na mtu wa kumuuliza kama aongezewe. Alikula polepole. Hakutaka iishe.

Siku zikapita, bwati haikuja. Wachimbaji wakamzoea. Waliporudi jioni walimkuta kashika tende, anatazama magharibi, wakapunguza makelele bila kuambiwa. Asubuhi moja Merdi alitangaza kuwa naye anafunga. Wenzake wakampigia makofi. Jua lilipofika utosini alitoka shimoni akiyumba, akanyanyua bidoni ya Mama Louise na kunywa mpaka maji yakamwagika kifuani. Kisha akaja kukaa karibu na Nasoro, kichwa chini.

"Tata, mi naingia chini ya udongo, giza, na siogopi. Lakini hii yako... unafanyaka namna gani?"

"Mi vile vile najiulizaka juu yenu," Nasoro akamjibu. "Mu lile shimo, mi siwezi kuingia ata siku moja."

Merdi alimtazama kama mtu aliyesikia habari mpya. Nasoro hakutania. Aliwahi kusogea hadi kwenye mdomo wa shimo lao, akaona kamba ikishuka na kupotelea ndani, akasikia sauti za watu zikitoka chini kwa mbali, akarudi nyuma.

Katikati ya mwezi ikanyesha mvua kubwa. Ilianza mchana, ikageuza barabara kuwa mto mwekundu, na kufikia jioni ilikuwa imebaki manyunyu, lakini mbingu yote ilikuwa nyeusi. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi na simu zote zilikuwa zimezima. Adhana ya msikiti wa mbali ilimezwa na manyunyu yale juu ya turubai. Huenda jua lilikuwa limezama, huenda bado, hakuna aliyejua. Nasoro alikuwa na homa siku hiyo.

"Kula, tata," Mama Louise akamsihi. "Mungu anaona hii mawingu."

"Ningoje kidogo, mama. Nikifungua mbele ya wakati, siku yangu yote inapotea. Giza likikaa kabisa, nitakula."

Wachimbaji walikuwa wamekwisha kupakuliwa chakula chao. Walimsikia. Nasoro aliinuka, akavuka barabara kwenda kutawadha kwa maji yaliyokuwa ndani ya lori.

Aliporudi, mabenchi yalikuwa matupu.

Sahani zilikuwa zimejaa bukari, zinatoa moshi, hakuna hata moja iliyomegwa. Katika Musonoi, watu hawaachi chakula namna ile ila kwa jambo moja tu.

"Mama! Shimo limeanguka?"

Mama Louise akatikisa kichwa. Akanyoosha mwiko wake kuelekea nyuma ya malewa, na Nasoro akageuka.

Nyuma pale palikuwa na lundo la udongo wa mgodi wa zamani, refu kupita nyumba yoyote ya mtaa ule. Juu kabisa, katika manyunyu, walisimama wachimbaji. Walikuwa wamepanda kwa miguu ile ile iliyoshinda shimoni, katika utelezi ule, na sasa walisimama kwa safu, bega kwa bega, wote wameelekea magharibi. Mwenze, mkubwa wao, mtu asiyesema maneno matatu kwa siku, alikuwa ameweka kiganja juu ya macho.

Halafu mawingu yakapasuka kule mwisho wa dunia. Nasoro, aliyekuwa chini, hakuliona jua. Aliliona juu yao. Mwanga mwekundu uliwavaa kutoka miguuni hadi vichwani, nguo zao zilizolowa zikang'aa kama shaba iliyotoka kwenye tanuru, na huku chini kulikuwa tayari na kiza. Hakuna aliyesogea. Mwanga ukaanza kupanda taratibu: ukawaacha miguu, ukawaacha viuno, ukawaacha mabega. Ukabaki kwenye nyuso. Kisha ukatoka.

"Tata Nasorooo!" Ilikuwa sauti ya Merdi. "Limeshuka! Tumeliona na macho! Kula!"

Na wote wakapokea: "Kula, tata! Kula!"

Nasoro alikuwa na tende mkononi na hakuweza kuifikisha mdomoni. Alikuwa amepita kusini na kaskazini, ameona maporomoko ya maji na moto wa msitu usiozimika, na hajawahi kusimama hivi, mdomo wazi kama mtoto.

"Tata," Mama Louise akasema taratibu, "banakwambia ukule."

"Na wao? Chakula chao kinapoa."

"Banasema hawawezi kukula kama we haujakula."

Akasema bismillahi, akaila ile tende. Wachimbaji wakashuka wakiteleza, wengine kwa matako, wanacheka, wamejaa matope. Nasoro akachukua birika na beseni, akasimama ukingoni mwa turubai. Merdi, aliyefika wa kwanza, akaficha mikono mgongoni.

"Hapana, tata. We ni mukubwa. Hauwezi kutunawisha."

"Leta mikono."

Akawanawisha wote, mmoja mmoja, na kila mmoja akampa tende. Mwenze aliipokea yake kwa mikono miwili. Walikula bukari iliyopoa.

Bwati ilifika wiki ya mwisho ya mwezi. Nasoro aliwahi nyumbani Lubumbashi kabla ya Idi. Siku ya sikukuu, wageni walipoondoka, alimsimulia Farida yote.

"Kulikuwa Muislamu kati yao?" Farida akauliza.

"Ata mumoja."

"Ndugu wa kwetu Maniema?"

"Hapana."

"Sasa, juu ya nini walifanya vile?"

Nasoro akainuka, akasimama katikati ya ua, akanyoosha mkono juu kadiri ulivyofika ili amwonyeshe urefu wa lile lundo, na mkono haukutosha.