Kinyama Kilichokatwa Mara Mbili

Kaeni, wana jumuiya. Mwenyekiti ameniomba nisimame nimshukuru Mungu kwa uponyaji wangu. Mungu nimeshamshukuru kivyangu, anajua. Leo nataka kusema na nyie, na nitasema kama ilivyokuwa.

Mimi ni mzaliwa wa Magamba. Kwetu tulikula ugali wa mahindi, muhogo, viazi na maharage. Chapati tuliiona Krismasi, na hapo moja mnagawana wawili. Sikuwahi kulazwa. Nilipalilia tumbaku, nilibeba kuni, nilimzaa Anjela bila shida yoyote. Tulipohamia hapa mjini Mpanda na baba Anjela, nikafungua banda la chapati na maandazi karibu na stendi. Asubuhi nakunywa chai na zile zilizochanika, mchana nakula zilizoungua, maana hizo nitamuuzia nani. Nikawa mtu wa ngano.

Mwaka wa pili tumbo likaanza. Linajaa gesi, linanguruma kama kuna mtu anahamisha vyombo ndani. Kisha kuharisha, mara nne, mara sita kwa siku. Choo chenyewe kina mafuta, kinanuka, ukimwaga maji hakizami. Msinikunjie uso, mlitaka ushuhuda. Mdomo ukatoka vidonda, nywele zikanyonyoka, siku zangu za mwezi zikakata. Nikapungua mpaka khanga ikawa inanizunguka mara mbili na kubaki. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa minyoo, taifodi, vidonda vya tumbo. Kila duka la dawa lilikuwa na jina lake la ugonjwa wangu.

Na nyie mkaanza kuja kunitazama. Nani alikuja mikono mitupu? Hakuna. Kila mmoja na mkate wake, na biskuti za Anjela. Huku kwetu mgonjwa hapelekewi ugali, anapelekewa mkate, chakula laini. Mnakaa pale mnaniangalia mpaka nimalize vipande viwili. "Kula, dada Skola, upate nguvu." Nakula. Mkitoka tu getini, nakimbilia chooni. Kesho yake mnakuja wengine na mkate mwingine.

Mlichokuwa mnasema mkifika barabarani kilinifikia pia. Kwamba Skola anao ule ugonjwa. Kwamba ameanza dozi kwa siri. Nilipima mara tatu, sina. Baba Anjela akapima, hana. Nikamwonyesha majibu, akasema makaratasi yanaandikwa na watu.

Aliyenisikiliza kwanza ni daktari mmoja wa kike, binti mdogo, wala sikumtegemea. Hakuniuliza nimelala na nani. Aliniuliza nakula nini. Nikamwambia, naye akaandika muda mrefu. Akasema kuna ugonjwa ambao watu wa huku hatuufikirii, utumbo unaikataa ngano, na ili wawe na uhakika lazima nikakatwe kinyama cha utumbo kwenye hospitali kubwa ya kanda. Akanishika mkono akasema, "Dada, usiache ngano hata kama inakuumiza. Ukiacha kabla ya kipimo, hatutaona kitu."

Nikarudi nyumbani na neno moja tu, kinyama. Mnajua wenyewe neno hilo likoje kwetu. Kila aliyekatwa kinyama tulimzika. Nilipolitamka, ngano na maelezo yote ya yule binti yakapotea, ikabaki kansa. Nyie mkaleta rozari. Baba Anjela akaleta begi. Akamfungia nguo mtoto, miaka sita, akampeleka Katumba kwa mama yake. Alisema, "Iwe kansa au iwe kile kingine, mtoto hakai hapa." Nilitaka kusimama nimzuie, miguu ikanigomea. Tangu siku hiyo sikutaka tena kupona ili nipone. Nilitaka jina la ugonjwa liandikwe kwenye karatasi, nikamchukue mwanangu.

Mama yangu akaja kunichukua, akanirudisha Magamba kusubiri tarehe ya kipimo. Akanilisha ugali wa mahindi na samaki aina ya migebuka kutoka Karema, asubuhi uji wa muhogo. Nikamwambia daktari amesema nile ngano. Akacheka kwa hasira. "Daktari gani anamwambia mtu wa kansa ale maandazi? Unaenda kukatwa, unatakiwa uwe na mwili." Nami sikubisha sana. Kwa nini nibishe? Wiki ya tatu kuharisha kukapungua. Wiki ya sita nikalala usiku mzima. Mama akasema ni sala zake za novena. Tulikaa hivyo karibu miezi mitatu, tunamshukuru Mungu kwa ugali.

Nikasafiri siku mbili kwa basi mpaka hospitali ya kanda. Wakanipulizia dawa kooni, chungu, koo likafa ganzi. Wakanilaza ubavu wa kushoto, wakapitisha mpira wenye kamera mdomoni, mrefu, mpaka kwenye utumbo mwembamba. Machozi na mate vinatoka vyenyewe. Kukatwa kwenyewe hakuumi, unasikia kuvutwa tu. Vipande sita, vidogo kama punje za mtama.

Majibu yakarudi: hakuna kitu cha kutosha kusema ni ugonjwa.

Nikampigia baba Anjela pale pale korido, mpumbavu mimi, nikidhani atafurahi sina kansa. Akasema, "Kwa hiyo huna kitu. Basi ni kile ninachokijua." Akakata. Mwezi uliofuata nikasikia ameoa.

Daktari mmoja mzee wa huko hakuniruhusu niondoke. Aliniuliza kabla ya kuja nilikuwa nakula nini. Nikamweleza mapishi ya mama. Akaweka kalamu chini. "Mama, tumepima utumbo uliokwisha kupumzika. Rudi nyumbani ule mkate kila siku, majuma manane, halafu uje tukate tena."

Simlaumu mama yangu. Namlaumu kidogo. Na mimi najilaumu zaidi, kwa sababu niliambiwa kwa Kiswahili kabisa.

Majuma manane nilijilisha ngano mwenyewe. Mgonjwa mwingine hutafuta dawa, mimi nilinunua mkate. Wiki ya pili damu ikapungua, ya tano miguu ikavimba, nikawa natambaa kwenda chooni. Mama anakaa mlangoni analia, lakini analeta chai. Wakakata tena. Safari hii daktari alinichorea. Ndani ya utumbo kunatakiwa kuwe na vinyweleo kama taulo, ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwangu kulikuwa laini kama shuka. Akaandika jina, seliaki. Hauambukizi. Hauna kidonge. Dawa yake ni kuacha ngano na shayiri maisha yote, na ndugu wa damu nao wapimwe.

Miezi sita sasa nakula kile alichonikuza nacho mama, na mwili huu mnauona. Banda nimelifunga, maana hata vumbi la unga linanirudisha chini. Mnaoniona sijipangi kwenye Komunyo mkasema naishi dhambini, hostia ile ni mkate wa ngano. Paroko hunipa divai tu, kwenye kikombe. Mngeniuliza ningewaambia.

Na ile karatasi nilikwenda nayo Katumba miezi miwili iliyopita, nguvu ziliporudi. Mama mkwe hakuisoma. Aliniambia, "Mchukue tu mwanao, umeshamwambukiza." Akamsukuma Anjela mbele yangu. Miguu kama vijiti, tumbo limejaa. Bibi yake kumbe alikuwa anampenda, kila asubuhi chapati na chai ya maziwa. Mtoto akaniambia polepole, kwa aibu, "Mama, tumbo linaniendesha." Hivyo ndivyo nilivyompata mwanangu. Sikumpata kwa sababu mimi ni mzima, nilimpata kwa sababu yeye ni mgonjwa.

Nawashukuru mliokuja, hata kwa mikate, mlikuja kwa moyo mzuri. Namshukuru yule daktari binti kuliko wote. Mwenye tumbo lisiloisha asibahatishe, asiache chakula kwa kuambiwa na jirani wala na mama yake. Akapimwe kwanza, na akiambiwa kula hiki mpaka siku ya kipimo, akile. Kinyama si hukumu ya kifo.

Naona chai imeletwa, na Anjela ameshachukua andazi. Anaharisha tangu asubuhi, na ni mimi niliyemwambia achukue. Tarehe yake ya kukatwa ni baada ya siku kumi na mbili. Nawaomba, msimnyang'anye.