Mpaka Behewa la Mwisho Lipite

Jumamosi, kwenye saluni ya Wakongo hapa Durban, runinga ilionyesha filamu ya Kijapani: stesheni ya kijijini, theluji, treni ikiondoka. Mzee aliyekuwa akinyolewa akasimama ghafla, kitambaa shingoni, mkono juu.

"Papa, ikala! Kichwa iko nusu," kinyozi akasema, akimwashiria akae.

"Ngoja wagoni ya mwisho ipite. Kwetu nilikuwa mkuu wa stesheni."

Tukacheka.

"Vita ilipofika, mama ya watoto wangu alipanda treni ya mwisho. Ni mimi nilipunga bendera treni iende. Sikumuona tena."

Kinyozi akazima mashine. Nami, niliyelalamikia foleni tangu asubuhi, nikasimama, na wengine wakafuata. Treni ilipotoweka kwenye skrini tuliketi wote, na hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani.